Mwanangu, kabla ya Kilifi uliza maji

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti ili baba yako asikie. Unauliza kama ukubali kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Pwani na uhamie Kilifi na mtoto, au ubaki Kasarani na kazi uliyo nayo. Mshahara unasema ni karibu sawa, kodi ya nyumba ni nafuu, na mtoto atapata pa kuchezea. Baba yako alishusha gazeti, akasema, “Jibu wewe,” akaliinua tena. Kwa hiyo najibu mimi.

Maji kwanza. Neno hili umelisikia kwangu tangu ukinyonya, na leo sitaliacha. Nimekulia Kitui, tukichimba mchanga wa mto mkavu na kuteka kwa kibuyu, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae. Yalikuwa maji ya taabu, lakini matamu. Mtu aliyelelewa hivyo akihamia mahali haulizi bahari iko umbali gani. Anauliza maji.

Na mwaka 1988, baba yako alipopata uhamisho wa kwenda kufundisha huko Kilifi, mimi huyu huyu sikuuliza. Nilikuwa na miaka 23, kaka yako ana miezi minane, na bahari ilikuwa imenijaa machoni kabla sijaiona.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mikorosho. Bomba la kutoka Baricho, kule mto Sabaki, halikuwa limefika mtaa ule, tukategemea kisima. Ardhi ya pwani ni mawe ya matumbawe, yamejaa matundu, na maji ya bahari hupenya chini kwa chini hadi visimani. Hilo nilielezwa baadaye. Siku ya kwanza nilipika chai ya wageni, walimu watano wenzake baba yako. Nikatia maziwa, nikatia tangawizi, nikatia sukari. Wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Nilipoonja yangu jikoni nikatema. Chumvi na sukari katika kikombe kimoja! Na wale watu walikuwa wamemaliza vikombe vyao vyote. Miaka mingi nilidhani walinihurumia. Siku hizi nadhani walikuwa wamezoea tu.

Kaka yako akaukataa uji. Sabuni haikutoa povu. Sufuria zikaota ukoko mweupe ndani, ile sufuria kubwa unayoijua ilianza kuharibika huko. Aliyetuokoa ni jirani, yule mama mzee tuliyemwita Hawe, kama wajukuu wake walivyomwita. Upande mmoja wa nyumba yake ulikuwa na mabati, na chini yake pipa la kukinga mvua. Kila wiki alituletea mtungi mmoja. “Ya mtoto,” aliniambia, “si ya chai.”

Baba yako alipapenda. Sitakuficha. Jioni alishuka hadi kwenye mkono wa bahari na kurudi na tasi wamefungwa kwa ukuti, anaimba. Alianza kusalimiana na watu kwa Kigiriama, na wao wakimrekebisha anarudia tena bila kuchoka. Sijamsikia akiimba vile Nairobi.

Tulipotimiza miezi 11 nikamwambia, mimi na mtoto tunarudi, wewe uje au usije. Aliandika barua ya kuomba uhamisho usiku ule ule, kwa taa ya chemni. Hakubisha. Mpaka leo hajanilaumu hata kwa jicho.

Daraja la Kilifi lilikuwa halijafunguliwa, lilifunguliwa 1991, kwa hiyo tulivuka kwa feri kwenda upande wa Mnarani. Sikuwa nimemuaga Hawe. Niliona haya, baada ya maji yake yote. Tukiwa tunapakia sanduku la bati, nikamwona anateremka barabara na mtungi wa njano kichwani. “Ya mtoto, njiani.” Hakusema zaidi. Feri ikaondoka, mkono mmoja nimembeba kaka yako, wa pili nimeshika mtungi, na sikupata mkono wa kumpungia.

Wewe hukuniuliza haya. Uliuliza kazi. Basi, kazi: chuo kina hati yake ya chuo kikuu kamili tangu 2013, ni cha umma, na mji wenyewe si ule nilioukimbia mimi. Mtoto akipata homa, wataalamu wa malaria wako hapo hapo mjini, kituo cha utafiti cha KEMRI kimekuwepo tangu 1989. Treni iliyoanza 2017 inanifikisha Mombasa kwa saa tano au sita, halafu ni kama kilomita 60 na foleni ya Mtwapa. Nitakuja kumwona mjukuu wangu, hilo lisikutie wasiwasi.

Nikisema maji, nafsi yangu inaniuliza, na hapa Umoja je? Maji ya bwawa la Ndakaini yanatufikia siku mbili kwa wiki, na siku nyingine namngoja kijana wa mkokoteni. Nilikimbia maji ya chumvi nikaja kununua maji kwa mtungi. Lakini angalau chai ni chai. Sijui. Labda nilikuwa mchanga, labda mwaka mmoja zaidi na bomba lingefika.

Neno ninalo, nenda au baki, liko ncha ya ulimi. Nalizuia kwa sababu mara ya mwisho niliposema neno kama hilo, mtu aliliitikia bila kubisha.

Nenda kwanza ukaangalie, na uende Februari joto likiwa kali, si Desemba ya sikukuu. Kabla ya kutia saini ya nyumba fungua mfereji wa jikoni mwenyewe, onja, kisha upike chai kwa maji hayo. Muulize jirani maji hutoka siku ngapi, usimuulize mwenye nyumba. Na uliza, nyuma ya mikorosho, kama yuko wa ukoo wa Hawe.

Ule mtungi wa njano bado ninao, chini ya sinki, kifuniko chake kile kile. Sikuurudisha. Pitia Jumamosi uuchukue.

Mama yako