Kazi ya jeni ya LDLR haiishii kwenye kunasa kolesteroli

Mwenzetu ameuliza kama ni sahihi kuandika kwamba kazi ya jeni ya LDLR ni "kushika kolesteroli mbaya iliyo kwenye damu", kwa kuwa ndivyo muhtasari alioupata unavyosema. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha LDL, yaani protini ya juu ya seli inayonasa chembe za LDL, zile zinazobeba hiyo kolesteroli mbaya. Nimefanya kazi maabara na seli zenye kipokezi hiki kwa muda mrefu, na naona sentensi hiyo imetaja hatua ya kwanza peke yake, ikaziacha zile ambazo zikikosekana kipokezi hakiusaidii mwili kwa lolote.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 19 na ina eksoni 18, yaani vipande vyenye maelekezo ya protini. Protini yake imepenya utando wa seli: sehemu kubwa imetokeza nje, na mkia mfupi wa asidi amino 50 umebaki ndani. Ile sehemu ya nje huitambua protini ya apoB-100 iliyoizunguka chembe ya LDL, na pia huitambua apoE iliyo kwenye mabaki ya chembe nyingine za mafuta, kwa hiyo hata jina la kipokezi halitaji vyote kinavyovinasa. Baadhi ya virusi vya mafua ya kawaida nao hukitumia kipokezi hicho hicho kuingilia ndani ya seli.

Kuna jaribio moja ambalo hueleza jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Seli za fibroblasti kutoka kwenye ngozi huwekewa LDL iliyotiwa rangi inayong'aa, zikaachwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Ukizitazama kwa hadubini utaona ukingo wa seli unang'aa huku ndani kukiwa giza, kwa sababu LDL imekwisha kunaswa lakini baridi imeuzuia utando usiimeze. Zihamishie kwenye nyuzi 37, na baada ya dakika chache mng'ao ule wa ukingoni utakatika kuwa vitone vinavyosogea kuelekea karibu na kiini. Kila ninapolirudia huona wazi kwamba kunasa ni jambo moja na kuingiza ni jambo jingine kabisa.

Katika joto la mwili, vipokezi hukusanyika kwenye vishimo vilivyotandikwa protini ya klathrini, na vishimo hivyo hujifunga kuwa vifuko vinavyoingia ndani. Humo asidi huongezeka, kipokezi kikajikunja na kuiachia LDL, ambayo hupelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea ndani ya seli, ili vimeng'enya viivunjevunje na kuitoa kolesteroli. Kipokezi chenyewe hurudi juu ya utando kuanza upya, mzunguko wa dakika kama 10 hivi. Kolesteroli iliyopatikana hutumika kujenga utando, na katika ini hugeuzwa kuwa asidi za nyongo. Ikishatosha, seli hupunguza usomaji wa jeni ya LDLR, na ikipungua, protini ya SREBP-2 huingia kwenye kiini na kuuongeza. Dawa za statini hutegemea mrejesho huu: huzuia ini kujitengenezea kolesteroli, nalo hulazimika kuongeza vipokezi. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliougundua mfumo huu huko Dallas, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa wagonjwa wa kolesteroli ya juu ya kurithi. Wengine hawatengenezi kipokezi kabisa, na wengine kipokezi chao hukwama kabla ya kufika juu ya seli. Lakini kuna badiliko moja ambalo asidi amino ya tirosini katika nafasi ya 807, kwenye ule mkia wa ndani, imekuwa asidi amino nyingine, sisteini: kipokezi kinafika juu, kinanasa LDL vizuri, ila hakikusanyiki kwenye vishimo, na LDL inabaki nje. Kwa ufafanuzi wa ule muhtasari, jeni hiyo ingehesabiwa kuwa nzima.

Kwa anayesoma majibu ya vipimo vya vinasaba, nyongeza moja. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba mabadiliko katika jeni ya PCSK9 huleta ugonjwa huo huo, na baadaye ikajulikana kwamba protini yake hujishikiza kwenye kipokezi na kukifanya kivunjwe kwenye lisosomu badala ya kurudi juu. Kwa hiyo LDLR isiyo na kasoro haitoshi kuthibitisha kwamba mtu hana ugonjwa huo. Jeni ya APOB, inayotoa ile protini ya apoB-100, na ya PCSK9 nazo zichunguzwe.