Kabla ya lori la kwanza la kifusi

Nianze na aibu yangu. Nilipohamia pembeni ya bonde letu hapa Dar es Salaam, kwenye kijito kinachomwaga maji Mto Msimbazi, nilinunua lori mbili za kifusi nikajaza nyuma ya nyumba. Nilipata uwanja wa kuanikia nguo, nikajiona mjanja. Masika iliyofuata, maji yaliyozoea kutuama kwenye matete yakaingia jikoni kwa jirani, mama mmoja anayeuza mchicha. Hakunigombeza. Alinionyesha tu alama ya tope ukutani, imepita usawa wa jiko la mkaa.

Tangu hapo nimekuwa yule jirani msumbufu anayefukuzana na malori yanayofukia bonde, na nimekosea mengi.

Kosa la kwanza: nilianza na ndege. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikaeleza habari za yangeyange, mdiria na kenge wanaoota jua ukingoni. Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema kenge hao wanamalizia vifaranga vyake, na hakudanganya. Mkutano uliofuata nilikwenda na futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukatoka wote kwenda kupima ukuta mpya uliokuwa unapanda: mita 19. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni yule mzee wa kuku. Maji yanamhusu kila mtu. Ndege watapona humo humo.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilidhani mwenye karatasi ana haki. Watu wengi bondeni wanakuonyesha hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, nawe unanyamaza. Muhuri ule unashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani. Haugeuzi matumizi ya ardhi. Nenda ofisi ya mipangomiji ya manispaa, omba kuona mchoro wa eneo lenu, uangalie bonde limeandikwa nini. Letu lilikuwa eneo la wazi. Na hata pasipo na mchoro, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaziweka ardhi oevu, yaani za majimaji, na mikoko kwenye kundi la ardhi hatarishi, ambayo kuiendeleza kunaweza kuleta madhara. Dalali hatakwambia hayo.

Barua ya malalamiko peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Yangu ya kwanza ilikuwa nakala moja. Miezi mitatu baadaye ofisi niliyoipelekea ikasema haijawahi kuiona.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni muda. Nenda siku lori la kwanza linapomwaga, piga picha, mwite mwenyekiti aje aone. Msingi ukishachimbwa watu wanaanza kuoneana haya. Nyumba ikishakaliwa na watoto, unachodai si uhifadhi tena, ni bomoabomoa. Tuliona mafuriko ya Desemba 2011, familia zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za bonde la Msimbazi, kisha tingatinga. Waliolala nje na magodoro yao ndio walionunua. Waliouza walishakula hela zamani. Mimi sitaki kushangilia siku kama ile, hata kwa ajili ya matete.

Ule ukuta wa mita 19 ulisimamishwa. Wa ng'ambo ya kijito hatukuuwahi, sasa ni gereji.

Kifusi changu nilikitoa kwa toroli, jioni baada ya kazi, wiki tatu. Matete yamerudi nusu. Kenge naye karudi, na mzee amezungushia banda la kuku wavu, bili kaniletea mimi.