Kabla Uimbe Kumbukumbu Yenu, Mpigie Rafiki Yako Simu

Juzi kijana mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, alinitumia meseji ndefu sana usiku. Yeye na rafiki yake wameandika wimbo kuhusu mwenzao wa tatu, walianza kuimba wote wakiwa shule, huyo wa tatu ameshafariki na korasi yenyewe ni mistari aliyokua amewatumia kwa WhatsApp akiimba tu bila gita. Sasa wimbo umeiva, produsa anauliza kwa watunzi aandike nani, na hapo ndio vita imeanza. Akaniuliza, dada, tufanye nini?

Nimemjibu, lakini nimeona niandike na hapa kwa sababu najua nyinyi mnaonisoma mnatafuta kitu kimoja na mimi. Unataka wimbo wako uskike kwa matatu za Jogoo Road, unataka kolabo, unataka siku moja ujaze ukumbi watu waimbe na wewe. Ni sawa kabisa. Ila kuna mambo ya urafiki hakuna mtu hukaa chini akakwambia.

Mimi nimekulia mtaa wa Jericho. Mama alikua anashona yunifomu za shule na cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi, imewekwa dirishani apate mwanga. Kama umewahi kulala kwa nyumba iko na cherehani ya mguu unaijua hiyo sauti, haiendi sawa, inaanza polepole, inashika mbio, halafu mama akifika kwa kona ya kola anashika gurudumu na mkono inakata, tak, anageuza kitambaa, inaanza tena. Januari shule zikikaribia kufunguliwa ilikua inalia mpaka usiku wa manane. Rafiki yangu, jina lake nitaliacha, alikua anakuja kwetu karibu kila jioni juu kwao kulikua na shida zao, anakaa kwa mkeka anakata nyuzi zilizobaki kwa mashati, na ni yeye alikua wa kwanza kuskia mdundo hapo ndani. Akaanza kugonga stuli akifuata mguu wa mama. Mimi nikaweka sauti juu yake, mama akacheka akaongeza spidi. Maneno ya korasi niliyaandika hiyo hiyo usiku nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kuhusu mtu anayeshona nguo za watoto wa wengine na wake wamevaa zilizopauka. Baadaye tukaurekodi kwa simu, mimi naimba, yeye anagonga, cherehani iko nyuma.

Miaka ya hapo katikati nairuka, ilikua mazoezi Kaloleni Social Hall, shoo za harusi, kuahidiwa pesa na kurudi nyumbani na soda, mnaijua.

Halafu yeye akapata mlango, akaingia studio kubwa. Nilifurahi, niliomba Mungu amfungulie zaidi. Sasa siku moja niko kwa matatu naenda tao, redio ya dere inacheza, naskia cherehani. Si cherehani yoyote tu, ni ya mama, na ile tak ya kola. Halafu ikaingia korasi yangu, neno kwa neno, inaimbwa na msichana mwingine. Nilishuka City Stadium na sikua nashukia hapo. Jioni nikamchezea mama. Akasikiza mpaka mwisho akasema hiyo si ni mashine yangu? Akauliza jina lako wamelitaja wapi. Sikua na jibu. Watunzi walikua wawili, yeye na produsa.

Nilipompigia aliniambia kitu kimoja ambacho hadi sai kinaniuma, ati hata mimi niliishi hapo, hiyo ni kumbukumbu yangu pia.

Nikaenda kusoma sheria, na nawaambia mkasome na nyinyi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi kumbukumbu. Hailindi wazo. Inalinda kile umeandika ama umerekodi. Kwa hivyo hapo kwa mkeka alikua na haki yake, anaweza kuimba ule utoto mpaka achoke, alikuwepo. Lakini maneno ya korasi ni yangu, nimeyaandika kwa daftari na sauti yangu iko kwa simu, na sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kama mtunzi hata akiwa ameuza haki zote za pesa. Watu wengi hawajui hii. Wengi hawajui pia kwamba kuandika wimbo na kuuimba ni vitu viwili, ndio maana vyama vya kukusanyia wanamuziki pesa zao viliundwa tofauti, MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapiga vyombo, na KAMP ya wenye rekodi. Unaweza kuskika kwa redio kila asubuhi na upande wa utunzi haupo kabisa.

Na usifikiri hii ni ya wadogo pekee. Mwaka wa 1978 wanamuziki walitoka bendi ya Simba Wanyika wakaenda kuanzisha Les Wanyika, hapa hapa Nairobi, na nyimbo za pande zote mbili bado tunazicheza kwa sherehe. Watu huachana, muziki hubaki. Bendi ya Sauti Sol ilianza na vijana watatu wa shule ya Upper Hill, Polycarp mpiga gita akajiunga nao 2005 pale Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, na 2023 wakapumzisha bendi kila mtu akashika kazi zake. Wakati mnaanza hamjui mtafika wapi, na ndio huo wakati wa kuandika nani alifanya nini. Mfikirie pia wasanii E-Sir na Nameless. Machi 2003 walikua kwa gari moja wakirudi kutoka Nakuru ajali ikatokea, E-Sir akatuacha akiwa na miaka 21. Ukiskia wimbo wao Boomba Train leo bado ni marafiki wawili wanapokezana, na majina yote mawili yako hapo.

Sasa huyu kijana wangu wa Kayole, na yeyote ako na wimbo kama wake. Mistari ya marehemu ni ya marehemu. Yeye ni mtunzi kama nyinyi wawili, na haki yake haikuzikwa na yeye, inaenda kwa warithi. Wimbo wa watunzi kadhaa unalindwa miaka 50 kutoka mwaka ambao mtunzi wa mwisho kati yenu amefariki, kwa hivyo hapa mnapangia hadi watu hawajazaliwa. Nendeni kwa mama yake mkiwa na demo, asikize, mumwambie kuna fungu la mtoto wake. Msimtumie meseji, nendeni.

Na nyinyi wengine, mkitoka studio usiku, kabla ya mtu kuita boda, andikeni karatasi ya mgao: nani maneno, nani melodi, nani biti, asilimia ngapi kwa kila mmoja, saini, picha kila mtu abaki nayo. Rafiki akikataa kusaini kitu amekubali kwa mdomo, huyo amekwambia ukweli mapema, shukuru. Ukitaka kuimba kitu mliishi wawili mpigie kwanza, hata kama mmegombana, hata kama ako Doha na hamjaongea tangu zamani. Mwambie nataka kuimba ile siku, uko sawa? Hatakunyima. Mimi singenyima. Ningeenda hiyo studio na cherehani yenyewe kwa mkokoteni.

Wengine mmeniuliza kama huyo rafiki yangu nitampeleka kortini. Sijaamua. Kumbe hata wimbo ukishatoka majina yanaweza kurekebishwa, mwenye rekodi anaandikia tu kampuni iliyouweka mtandaoni. Hiyo simu ile siku nilimwomba hilo peke yake, jina langu kwa maneno na jina la mama kwa ile sauti ya mashine, pesa hata sikutaja. Alisema ataangalia, na mpaka leo naandika hii, hajabadilisha.