Yule shomoro wa tano

Dada yangu, umeuliza Mungu mwenye watu bilioni 8 atamjuaje mama mmoja anayekaanga vitumbua Chumbageni. Swali hilo hata mimi limewahi kuniliza.

Weka Mathayo 10:29 na Luka 12:6 pamoja. Kwa Mathayo, shomoro wawili kwa senti moja. Kwa Luka, watano kwa senti mbili. Piga hesabu: senti mbili ni shomoro wanne. Huyu wa tano katoka wapi? Ni nyongeza! Ukinunua machungwa ya Muheza pale sokoni Mgandini, unamwambia muuzaji "niongeze basi", naye anakutupia moja mfukoni, mara nyingi lile dogo lenye doa. Halina bei. Sasa Yesu anasema katika hao watano hasahauliwi hata mmoja mbele za Mungu. Hata yule ambaye hakuna aliyemlipia!

Simaanishi hatutaumia. Shomoro anaanguka kweli, Mathayo hafichi. Nilipokuwa namuuguza mama, simu za ndugu ziliacha kuita, nikabaki na mstari huo tu. Mama hakupona. Lakini usiku ule sikuwa peke yangu, na hilo nalishuhudia.

Msome pia Hajiri, Mwanzo 16. Abramu na Sarai wanapomzungumzia ni "mjakazi" tu. Malaika ndiye anayemwita kwa jina, kule jangwani, penye chemchemi. Anza na huyo leo jioni, ukishaosha karai.