Kimbia Ukisalimia: Maswali ya Wastaafu Wanaokimbia

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma na Singida, na nyingi zimeandikwa na watu walioaga ofisi kwa hiari wakiwa na miaka 55 hadi 58, kabla ya ile 60 ya lazima. Muda wanao, miguu wanayo, na karibu wote wana kosa moja: wanakimbia kama mtu anayewahi kusaini daftari la mahudhurio.

Nimestaafu Januari nikiwa na miaka 56. Kila nikianza kukimbia, dakika tano tu pumzi inakata na kichomi kinanibana mbavuni. Mke wangu anasema umri umekwenda. Ni kweli?
*Mstaafu mpya, Kisasa*

Usiusingizie umri, mzee wetu. Mtu aliyekaa kitini miaka ishirini akitoka getini kwa mwendo wa mchakamchaka wa JKT atakata pumzi dakika ya tano hata akiwa na miaka 30. Punguza kasi, halafu punguza tena.

Kipimo hakihitaji saa ya mkononi. Ukipishana na jirani, msalimie kikamilifu: “Habari za asubuhi, mama, mmeamkaje, watoto hawajambo?” Ukiyamaliza yote bila kuvuta pumzi katikati, mwendo ni sahihi. Ukibakiwa na “Mbukwenyi” moja tu, salamu ya Kigogo, na mkono hewani, umezidisha.

Anza na siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Tembea dakika 5. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Malizia kwa kutembea dakika 5. Hizo ni dakika 34. Wiki ya tatu kimbia 2 na utembee 2, mara 6. Wiki ya tano, 4 kwa 2, mara 5. Wiki ya saba, 8 kwa 2, mara 3. Wiki ya tisa, 12 kwa 2, mara 2. Ukifika wiki ya kumi na moja, jaribu dakika 30 bila kutembea. Wiki yoyote ikikushinda irudie, hakuna bosi anayesubiri ripoti.

Kinachowaponza wengi ni mwezi wa tatu wa mazoezi. Moyo na pumzi huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Mtu anajiona amekuwa mwepesi, anaongeza siku na kilomita kwa pamoja, na goti linamkalisha chini. Ongeza kimoja kwa wakati mmoja.

Kichomi huja zaidi ukikimbia muda mfupi baada ya kula au kunywa maji mengi kwa mkupuo. Acha saa mbili baada ya mlo. Kikikubana, tembea, bonyeza pale panapouma na utoe pumzi yote polepole, mara kumi hivi.

Kabla ya yote hayo pima presha na sukari. Presha ukiwa umetulia ikisoma 160 kwa 100 au zaidi, anza na daktari, na kutembea kutakutosha hadi ishuke. Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto, au kizunguzungu kikija ukiwa njiani, simama hapo hapo na uende hospitali siku hiyo.

Nilifundisha sekondari miaka 30, nimestaafu nikiwa na 55. Nakimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki, nikipanda vilima vya upande wa UDOM. Miezi miwili sasa nikiamka, nyuma ya kisigino cha kulia kunakaza, nachechemea hadi bafuni. Nikishapata moto panaachia. Nipumzike kabisa?
*Mwalimu, Makulu*

Pole, Mwalimu. Hapana, usipumzike kabisa. Dalili hizo ni za kano nene inayounganisha kigimbi na kisigino, na kano iliyochoka haiponi kwa kulazwa, inapona kwa kupewa kazi iliyopimwa.

Jiulize kwanza unavaa nini mchana. Miaka 30 umesimama darasani na viatu vyenye kisigino cha sentimita tatu au nne, na kano ikazoea urefu huo. Sasa umestaafu, unashinda nyumbani na kandambili bapa, na asubuhi unaibebesha vilima. Wastaafu wengi wanaoumia kisigino wanazilaumu mbio peke yake, kumbe kandambili nazo zimo. Kwa miezi mitatu vaa kiatu chenye kisigino kidogo hata ukiwa jikoni, na vilima uviache kabisa. Kimbia tambarare siku tatu badala ya nne.

Kisha binya kano kwa vidole viwili. Panapouma pakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, zoezi lako ni hili. Simama kwenye ngazi, nusu ya mbele ya nyayo ikiwa juu, visigino vikining'inia, mkono ukishika ukuta. Nyanyuka kwa miguu yote miwili. Ukiwa juu, hamishia uzito mguu mbovu, kisha ushushe kisigino polepole ukihesabu hadi tatu, mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Nyanyuka tena kwa miguu yote miwili. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka, halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani wa kigimbi hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Asubuhi na jioni, wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema halifanyi kazi. Likishakuwa jepesi, beba begi mgongoni lenye mchele kilo 5, kisha 10.

Panapouma pakiwa pale kano inapojishika kwenye mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa. Fanya sakafuni tu, maana kushuka sana huibana kano dhidi ya mfupa na kuichokoza upya.

Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 wakati wa zoezi si tatizo, ilimradi asubuhi inayofuata kusikaze kuliko jana. Kukikaza zaidi, punguza seti moja.

Na jambo ambalo halisemwi dirishani pa duka la dawa: siprofloksasini, ile inayotolewa sana kwa UTI, ni ya kundi la dawa zinazoweza kudhoofisha kano, hasa kwa aliyevuka 60. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba unakimbia na kano inauma. Siku ukisikia “paa!” kama mtu kakupiga teke kwa nyuma na huwezi kusimama kwa ncha ya mguu, hiyo imekatika. Ni hospitali, wala si kuchua.

Mume wangu amestaafu mapema. Kila siku anatoka saa 11 alfajiri, anarudi saa 2, anakunywa chai ya rangi na andazi moja, analala hadi saa 8 mchana. Usiku usingizi hana, anapitia simu. Mizabibu yetu Hombolo haipogolewi. Nimshauri nini?
*Mke wa mkimbiaji, Nkuhungu*

Mama, mumeo si mvivu. Ana njaa, na hana siku ya mapumziko. Karibu saa tatu kila siku ni mzigo ambao mwili wa miaka hamsini na kitu hauumudu kwa andazi.

Abaki na siku nne za kukimbia, tatu za dakika 40 na moja ndefu. Siku za shamba zihesabiwe kama kazi, maana kupogoa mizabibu umeinama saa tatu huchosha kiuno na mapaja kuliko anavyodhani. Asilifuatishe shamba na mbio ndefu kesho yake.

Akirudi, ale ndani ya saa moja, na mlo uwe na protini ya kama gramu 25 hadi 30, kwa sababu misuli ikishazeeka huhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa mlo mmoja ili ijijenge. Mayai mawili yana kama 12, glasi ya maziwa mgando 8, gao la karanga 7. Hapo umefika, na uji wa uwele juu yake ndio wa kurudisha nguvu. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, na dagaa kidogo humalizia. Ugali wa mtama na mlenda ni chakula kizuri, ila mlenda peke yake protini yake ni haba.

Usingizi wa mchana usizidi dakika 30 na uishe kabla ya saa 9 alasiri, ndipo usiku utarudi. Simu ilale sebuleni. (Hili la mwisho ndilo litakalokupa kazi.)

Natumia vidonge vya presha. Ninywe maji kiasi gani? Hapa Ihumwa silowi jasho kabisa, nadhani sipotezi maji mengi.
*Msomaji, Ihumwa*

Unapoteza, ila huyaoni. Hewa ya Dodoma miezi ya kiangazi ni kavu na ina upepo, jasho hukauka kabla halijaloanisha fulana. Angalia fulana nyeusi ukirudi: ile michirizi myeupe ni chumvi yako.

Jipime. Panda mizani bila nguo, kimbia saa moja, jikaushe, panda tena. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja, na uongeze ulichokunywa njiani. Kwa mtu wa kilo 70, upungufu ukizidi kilo 1.4, ambayo ni asilimia 2, siku nyingine beba chupa. Chini ya hapo kunywa kiu ikikuambia. Usijaze tumbo lita tatu kwa woga, kwani maji mengi mno kwenye mbio ndefu huzimua chumvi ya damu, na hiyo nayo inaua. Ukirudi umeishiwa kweli, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu.

Kuhusu vidonge: kama ni vya kukojoza, muulize daktari kuhusu saa ya kumeza siku za mbio ndefu. Kama ni jamii ya atenolo, mapigo ya moyo hubaki chini hata ukijichosha, kwa hiyo namba za saa ya mkononi zitakudanganya. Tumia kile kipimo cha salamu. Diklofenaki ya “kuzuia maumivu” kabla ya kukimbia usiiguse: hupandisha presha, na ikichanganyika na dawa zako pamoja na upungufu wa maji, figo ndizo zinazolipa.

Simbu wetu ametuamsha. Nina miaka 57, nakimbia kilomita 8 bila shida. Nataka nusu marathoni ya Moshi. Nijiandaeje?
*Mstaafu, Singida*

Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wako, alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, muda ule ule wa mshindi wa pili. Aliongozwa hadi hatua za mwisho, akampita mwenzake mstarini. Wewe uchukue ile subira yake, kasi mwachie.

Kilimanjaro Marathon, ndiyo hiyo ya Moshi, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo wiki 16 za maandalizi zinaanza Novemba, joto likiwa kali huku kwetu. Mbio ndefu anza saa 11:30 alfajiri. Jua huchomoza kama saa 12:10 mwezi huo, tofauti na Julai linapochelewa hadi karibu saa 12:50. Vaa kitu cheupe, bodaboda wasikuvae.

Mbio ndefu ni mara moja kwa wiki. Anza kilomita 8, ongeza moja kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze kwa theluthi. Ukifika 18 panatosha. Wiki mbili za mwisho punguza kilomita hadi nusu.

Nusu ya Moshi hupanda kwanza kuelekea Mweka, kisha inashuka. Wengi wanauogopa mlima, kumbe unaovunja watu ni mteremko: mapaja yanafunga breki kwa kilomita nyingi mfululizo, na kesho yake kukaa chooni ni mtihani. Kuanzia wiki ya sita tafuta mteremko wa mita 300, ushuke mara 4 kwa hatua fupi fupi, goti likiwa limelegea. Wiki ya kumi ziwe 8.

Raba za mitumba zinafaa?
*Msomaji, Kongwa*

Zipo nzuri. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilala upande mmoja, iache. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, irudi kama sponji, isiwe ngumu kama gogo. Ikunje: ijikunje pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama chapati, au soli ikapasuka vipande, ni ya siku nyingi hata kama inang'aa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba. Raba mpya huisha kati ya kilomita 500 na 800, hivyo ya mtumba hesabu nusu yake. Na huko kwenu kagua soli kila ukirudi, mwiba wa mgunga huingia polepole na kukufikia siku ya tatu.

Mbwa wa njiani wananinyima raha.
*Msomaji wa kike, Msalato*

Dada, usikimbie, kwani ukikimbia unakuwa windo. Simama, mgeukie ubavu, usimkazie macho, inama kama unaokota jiwe, kisha rudi nyuma taratibu. Akikung'ata au kukuparura, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona mbwa atafanya nini, na kidonda usikifunge kwa tumbaku wala mafuta ya taa.