Nguo za ngoma na mfuko mwepesi: fundi anajibu

Msimu wa korosho ukifunguka, pesa kidogo inaonekana mtaani, harusi zinafuatana na vikundi vya ngoma vinakumbuka kwamba havina sare. Maswali yamejaa. Nimechagua haya.

*Shikamoo mama. Tuko wasichana wanane wa sindimba hapa Newala. Michango yetu imefikia doti nne tu za kanga. Zitatosha?*

Marahaba mwanangu. Zinatosha na vipande vinabaki. Doti nne ni kanga nane, kila mmoja na yake. Kanga ina sentimita 150 hivi kwa upana na karibu 110 kwa urefu. Mwenye nyonga za 100 akiunganisha ncha mbili za kanga na kupitisha lastiki kiunoni, anapata rinda la mara moja na nusu ya mwili wake. Hapo ndipo pazuri. Likibana zaidi, magoti hayakunjiki. Likijaa zaidi, kiuno kinamezwa na kitambaa, na sindimba isiyoonyesha kiuno ni ya nini?

Kateni juu, msiguse chini, ili pindo na jina vibaki vinaonekana. Rinda la 70 liongezeeni 4 za njia ya lastiki na 2 za upindo. Ukanda unaobaki juu ni kilemba, au wa kufunga nyongani kiuno kikolee. Kabla ya mkasi, lowekeni na kufua kila rangi peke yake, maana kanga mpya ina wanga na inaweza kupungua urefu kidogo. Na someni jina dukani! Kanga ya kumsuta jirani haivaliwi kwenye harusi ya mwanawe.

*Suruali zetu za kitenge zinachanika katikati ya miguu kila onyesho, na tulipima vizuri. Kijana wa Masasi.*

Mlipima mkiwa mmesimama wima kama mnaopigwa picha ya kitambulisho. Chuchumaa kama unavyochezea, kisha pitisha futikamba kutoka kiunoni mbele, katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Hicho ndicho kipimo cha kukatia. Zilizokwisha kushonwa, fumua pale mishono minne inapokutana na uingize kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10, pembe zake zikifuata mishono. Piga mshono mara mbili. Uzi wa bei ya chini kabisa ndio unaowaangusha wengi. Bana kwenye shanga na vifungo, kwenye uzi na lastiki usibane.

*Sina cherehani. Niache?*

Usiache. Rinda la kanga lina mshono mmoja mrefu, upindo na njia ya lastiki, kazi ya jioni mbili kwa mkono. Mshono mrefu uushone kwa kurudi nyuma: sindano itokee mbele, irudi nusu hatua, itokee tena mbele. Bandi ya kawaida, ile ya sindano juu na chini, iache kwenye upindo.

*Tunataka sketi za nyuzi kama za wacheza ngoma wa zamani, lakini katani ni ghali. Mwalimu, Nachingwea.*

Mwalimu, gunia la korosho lililochoka ni mali. Lifue kwa sabuni mara mbili, lianike juani, lifumue ubavuni. Acha sentimita 10 za juu bila kuguswa, chini yake piga mistari miwili ya mshono kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, halafu vuta nyuzi za mlalo moja moja. Zinazobaki zikining'inia ndizo sketi. Wape watoto kazi hiyo, wataifurahia. Rangi za unga za wasusi wa mikeka zinashika vizuri kwenye gunia, ila jasho litazihamisha, kwa hiyo ndani wavae kaptura nyeusi ya pamba. Itawakinga na muwasho pia.

Mambo mawili sibembelezi. Mfuko uliobeba salfa ya kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, usiingie kwenye mavazi hata ukifuliwa, vumbi lake linawasha macho na ngozi. Na wachezaji wakae mbali na moto wa kukazia ngozi za ngoma. Nyuzi za gunia zinashika moto upesi, na viroba vya plastiki, ambavyo wengi wanavichambua siku hizi, vinayeyuka na kuganda mwilini.

*Cherehani yangu ya kukanyaga inashona mstari ulionyooka tu. Naweza kushona fulana za kuvutika za mitumba?*

Kwa shida. Tumia uzi wa polista na sindano ya ncha butu, fupisha hatua kidogo, na ukivuta kitambaa taratibu kinapopita, mshono hautakatika mapema. Mimi ningetafuta shuka za pamba mnadani. Shuka ya kitanda cha sita kwa sita inatoa marinda mawili ya watu wazima na inabaki ya kilemba.

*Nishonee mchezaji wa midimu, ngoma ya vinyago, nguo gani?*

Waulize wazee wenye ngoma yao. Mimi nashika sindano tu.

*Blauzi nyeupe ya kikundi imedondokewa na maji ya bibo, tunda la mkorosho. Lindi.*

Ikiwa bado mbichi, maji baridi na sabuni sasa hivi, usingoje ufike nyumbani. Ikishakauka, usimalize jiki bure. Tafuta kipande cha kanga, kishone juu ya doa, na wenzako nao waweke mahali hapohapo.