Mpapai dume ukiukata kichwa unageuka jike?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mwaka juzi nilikula papai moja tamu sana, la mviringo kama mpira, nikatunza mbegu zake nikapanda. Ikatoka mipapai 7. Minne inazaa mapapai ya mviringo, mmoja unazaa marefu ila miezi ya joto uliacha kabisa kuzaa ukaja kuanza tena, na miwili mpaka leo inatoa maua tu, yananing'inia kwenye vikamba virefu alafu yanadondoka. Jirani kaniambia hiyo miwili niikate kichwa au niipigilie misumari kwenye shina itageuka jike. Ni kweli? Na mbona mbegu zimetoka kwenye papai moja alafu mipapai inatofautiana hivi? Mbegu zilizobaki nimeshazisia, nina miche 24 kwenye viriba, nitajuaje dume mapema nisije kupoteza muda?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana hapo uliposema papai mama lilikuwa la mviringo umenipa nusu ya jibu.

Tuanze na msumari na panga. Hapana, hauugeuzi. Jinsia ya mpapai inapangwa siku ile mbegu inatungwa ndani ya ua, iko kwenye kromosomu (nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi) za kila seli ya mmea, kuanzia mzizi mpaka jani la juu kabisa, kwahiyo ukikata kichwa kitakachochipua pembeni ni tawi la mmea uleule wenye kromosomu zilezile. Nimeshakata dume kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa mgeni kwenye kazi, likatoa machipukizi matatu, nikayatunza kwa mbolea na maji nikiwa na matumaini makubwa kweli, na yote matatu yakashusha vikamba vya maua vilevile vya mwanzo. Tena lile jeraha la juu likawa linaingiza maji, na shina la mpapai ndani ni tupu, halina mbao ngumu kama mti wa kawaida (kitaalamu mpapai unahesabiwa kama mmea mkubwa wa shina laini, sio mti), kwahiyo kuoza kunashuka haraka sana.

Sasa mbona watu wanaapa kwamba waliona kwa macho yao dume limekatwa likazaa? Hawadanganyi. Mpapai dume una tabia moja, hali ya hewa ikibadilika baadhi ya maua kwenye ncha za vile vikamba yanaota ovari (sehemu ya ua inayokuwa tunda) na kutoa vipapai vidogo vinavyoning'inia mbali na shina. Hilo linatokea hata usipougusa. Mtu kakata mwezi huu, majira yakabadilika, vipapai vikatokea, akaunganisha hayo mawili. Lakini ukiangalia vikonyo utaona bado ni virefu vya kidume, na mzao wenyewe ni wa kuhesabu, msimu ukipita vinaisha.

Mipapai iko ya aina tatu, dume, jike, na ile yenye jinsia mbili kwenye ua moja. Ili uone mwenyewe chukua wembe, chuma ua moja moja lililokaribia kufunguka kutoka kwa kila aina, upasue toka kichwani mpaka kwenye kikonyo, ulaze pande mbili mezani. Ua la jike ni nene chini kama kitunguu kidogo, petali zake tano zimeachana karibu mpaka chini kabisa, na ndani utakuta kitu cha mviringo cha kijani cheupe, hiyo ndo ovari, yaani papai lenyewe likiwa bado halijaanza, na juu yake kuna kishungi chenye ncha ncha kama upanga wa jogoo ambacho ni stigma, mahali chavua, yaani ule unga wa kiume, inapotua. Hakuna hata kiungo kimoja cha kutoa chavua humo. Ua la dume ni jembamba kama tarumbeta, ndani kuna stameni (viungo vinavyotoa chavua) 10 zimepangwa duara mbili, tano juu tano chini, za njano, ukizigusa kidole kinabaki na unga, na katikati pale ovari ilipotakiwa kuwepo kuna kitu chembamba kama sindano ambacho hakina kazi ya kuzaa. La jinsia mbili liko katikati, halijanenepa kama la jike wala halijakonda kama la dume, petali zimeshikana chini zikafanya mrija, stameni 10 ziko kwenye mdomo wa huo mrija na ovari yake ni ndefu. Ovari ikiwa ya mviringo papai linakuwa la mviringo, ikiwa ndefu papai linakuwa refu, ndo maana hata bila kuona ua ukishika papai mkononi unaweza kusema limetoka mpapai gani.

Kwahiyo papai lako la mwaka juzi, la mviringo kama mpira, mama yake alikuwa jike. Na hapa ndo kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndo tamu kuliko yote.

Mpapai una jozi 9 za kromosomu na jozi moja ndo inabeba jinsia, karibu kama kwa binadamu. Jike ana X mbili. Dume ana X na Y. Wa jinsia mbili ana X na Y nyingine iliyofanana sana na ya dume ila sio ileile, tuiite Y ya pili. Mpapai mama, kwa kuwa ni jike, hana kitu kingine cha kutoa zaidi ya X, kwahiyo kila mbegu kwenye lile papai ilipata X kutoka kwake, na kilichoamua jinsia ni punje ya chavua iliyoikuta hiyo mbegu. Na papai moja lina mbegu mamia, kila mbegu imetungwa na punje yake ya chavua, hazilazimiki kutoka kwa baba mmoja. Angalia sasa mipapai yako. Miwili ni madume, hiyo ilipata Y ya dume, maana yake karibu na mama kulikuwa na mpapai dume. Mmoja unazaa marefu, huo ulipata Y ya pili, na hiyo dume hana, kwahiyo kulikuwa na mpapai wa jinsia mbili pia. Papai moja, mama mmoja, baba wawili au zaidi. Ile minne ya kike ilipata X, na X inaweza kutoka kwa baba yeyote kati yao, hiyo hatuwezi kuijua kwa kuangalia.

Wanaobeba chavua zaidi ni nondo, wale wakubwa wanaoruka jioni giza linapoingia, na hapo kuna jambo linanishangaza kila mwaka: ua la dume lina maji matamu ya kumlipa nondo lakini la jike halina, nondo anaingia kwa jike kwa kukosea tu, anapotoka hajapata kitu lakini chavua ameshaiacha.

Alafu hii Y ya pili ina historia yake. Mpapai asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, na mipapai pori ya huko ni dume na jike tu, ya jinsia mbili hakuna. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2015 ulilinganisha zile Y mbili ukaonyesha kwamba ziliachana miaka kama 4,000 iliyopita, kipindi ambacho watu wa huko walikuwa wameshaanza kilimo. Yaani kuna mkulima wa zamani aliona mpapai unaojitosheleza wenyewe, akatunza mbegu zake na waliomfuata wakaendelea hivyohivyo, na mpapai wako mmoja wa mapapai marefu umebeba matokeo ya kazi yao.

Kuhusu huo mrefu kuacha kuzaa wakati wa joto, usiwe na wasiwasi, haujaugua. Jike ametulia, jua au baridi anabaki jike, lakini wa jinsia mbili anayumba na hali ya hewa. Joto likizidi, au maji na naitrojeni vikipungua, ovari kwenye maua yake inakwama kukua na ua linabaki na stameni tu, linafanya kazi kama dume na kudondoka. Kukiwa na baridi inakuwa kinyume, stameni zinagandana na ovari na papai linatoka na mikunjo mikunjo, limejipinda vibaya. Wengi wakiona hivyo wanadhani ni virusi wanang'oa mpapai mzima kabisa. Mwagilia vizuri miezi ya joto, weka mboji na matandazo chini, itapungua ingawa haitaisha.

Sasa hiyo miwili ya vikamba usiikate yote. Ile minne ya kike haina chavua yake. Kuna aina za mipapai ambazo jike bila chavua anaweza kushika vipapai visivyo na mbegu, lakini mara nyingi ni vidogo na ua nyingi zinadondoka. Kwamba mmea jike unahitaji chavua sio maneno ya juzi, mwaka 1694 kule Tübingen Ujerumani mtaalamu wa mimea Rudolf Jakob Camerarius alieleza jinsi alivyoondoa maua ya kiume kwenye mbarika kabla hayajafunguka, na zile za kike hazikutoa mbegu nzima hata moja. Ule wa mapapai marefu unaweza kutoa chavua kwa majirani zake, ila ni mmoja, mimi ningebakiza dume moja, lile lililo sehemu lisipokubania nafasi. Dume moja linatosha majike 10 mpaka 20. Lingine likate chini kabisa upande kitu kingine.

Tuje kwenye miche 24. Kabla ya ua kutokea hakuna alama ya nje ya kutegemea. Najua unaambiwa mbegu nyeusi zinazozama ni jike na nyeupe ni dume, au mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume na wenye mizizi ya kutawanyika ni jike, wengine wanahesabu ncha za majani. Ukipanda kwa kufuata hayo utapatia karibu nusu, na nusu ndo ungepata hata kwa kufumba macho. Kipimo cha uhakika kipo, ni cha DNA, wanachukua kipande kidogo cha jani la mche maabara wanasoma ile sehemu ya Y, ila hicho ni kwa mashamba makubwa.

Wewe fanya hivi. Kila shimo weka miche mitatu, umbali wa shibiri moja hivi mmoja na mwenzake, na shimo mpaka shimo mita 2 hadi 3. Subiri. Miezi 4 mpaka 6 baada ya kupandikiza maua yanaanza, mara nyingi madume ndo yanatangulia, kwahiyo usiwe na haraka ya kukata kwenye shimo ambalo halijaonyesha bado. Ukiona vikamba virefu huhitaji hata wembe, wengine pasua ua. Bakiza mmoja kwa kila shimo, na iliyobaki ikate usawa wa udongo, usiing'oe maana mizizi imeshashikana utamuumiza unayemtaka.

Na ukitaka mbegu za kizazi kijacho zisizo na dume kabisa, zichukue kwenye ule mpapai wako wa mapapai marefu. Chagua ua ambalo halijafunguka, lifunike na mfuko wa karatasi ulifunge vizuri nondo asiingie, lenyewe litajichavusha ndani humo, papai likianza kukua toa mfuko ufunge uzi wa rangi kwenye kikonyo usije ukalichanganya. Mbegu za papai hilo, katika kila miche mitatu, kwa wastani miwili ni ya jinsia mbili na mmoja jike. Robo moja iliyopata Y ya pili kutoka pande zote mbili haitaota, kijusi chake kinakufa mapema, kwasababu mpapai hauwezi kuishi bila walau X moja. Ukipanda mitatu kwa shimo hizo mbegu, uwezekano wa kukosa wa jinsia mbili hata mmoja ni mara 1 katika 27. Zioshe tu ule utando wa utelezi unaozunguka mbegu uondoke, kausha kivulini, maana ukiubakiza kuota kunachelewa.

Ila hii 24 uliyonayo ni ya papai la mviringo, hesabu yake ni tofauti, karibu nusu majike na nusu nyingine mchanganyiko wa madume na jinsia mbili kutegemea chavua ipi ilifika zaidi. Hata tukichukua hali mbaya kabisa, kwamba chavua yote ilitoka kwa dume, shimo la miche mitatu lina nafasi 1 katika 8 ya kuwa madume matupu. Na wewe miche 24 ni mashimo 8. Kwahiyo likitokea shimo moja la vikamba vitupu usilifukie, kata miwili, bakiza mmoja, huyo ndo atachavusha yale mashimo mengine saba.